Sifuri Hadi Kumi

"Kutoka sifuri hadi kumi, unaumwa kiasi gani?" Swali hili mimi huwauliza wagonjwa kila zamu hapa Uingereza. Mwaka huu nimeulizwa mimi, kwa simu, nimeegemea sinki la jikoni. Nikajibu sita. Ningemwambia nini? Kwamba maumivu yanaanzia kiunoni, yanatua ubavuni mwa nyonga ya kulia, na nikipanda basi nashikilia nguzo kama bibi kizee?

Simu hiyo niliisubiri wiki 11. Baadaye nikatumiwa karatasi ya mazoezi manne, nikayafanya kila alfajiri kabla ya zamu ya saa 12, juu ya mkeka niliotoka nao Tanga. Mara ya pili nikapangiwa mtaalamu mwingine, mara ya tatu mwingine tena, kila mmoja akianza upya na sifuri hadi kumi. Hakuna aliyenigusa. Nilipoomba kipimo cha MRI niliambiwa hakihitajiki. Nilikasirika, ingawa najua mwongozo wa NICE wa 2016 unasema hivyo hivyo: mgongo usio na dalili za hatari haupigwi picha ovyo. (Ganzi sehemu za siri au mkojo kugoma ni jambo jingine, hapo hungoji simu, unakwenda dharura siku hiyo hiyo.) Najua yote hayo, lakini saa nane usiku, nikigeuka kwa kushika ukuta, hayanisaidii.

Mama alituma ujumbe wa sauti: "Mwanangu, njoo nikuchue na mafuta ya nazi. Huko hawana mikono?" Nilicheka, kisha nikalia. Hajui kwamba nimepunguza zamu, wala kwamba ada ya mdogo wangu ya Januari sijui itatoka wapi.

Mwezi uliopita niliandika kwenye karatasi yanayonishinda: kuvaa soksi nimesimama, kulalia ubavu wa kulia, kumgeuza mgonjwa. Nikasisitiza nionwe ana kwa ana. Dada aliyenipokea alinitazama nikitembea, akanisimamisha kwa mguu mmoja, akabonyeza pale penyewe. Ni kano za misuli ya makalio, akasema, na lile zoezi la kuvuta goti kuelekea bega la pili lilikuwa likizikandamiza. Miezi mitano nilikuwa nikijiumiza kwa bidii!

Sasa nina mazoezi mapya mawili, na nalala na mto katikati ya magoti. Bado panauma. Miadi ijayo ni Alhamisi, nimeomba niandikiwe kwa dada yule yule. Mama bado sijamwambia habari za zamu.