Mchagua Jembe wa Mukuru kwa Njenga

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii humsuta mvivu anayepoteza msimu akikagua mipini. Hata hivyo, na achukuliwe kijana wa Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabati yaliyosongamana kando ya viwanda vya Nairobi. Amenunua tarakilishi mbili kuukuu ili afungue kibanda: moja ya wateja, nyingine iwe seva ya kuhifadhi kazi zao. Ada ya leseni hana, basi ameazimia kutumia Linux. Lakini Linux ipi?

Kiini cha Linux, alichoanza kukiunda Linus Torvalds mwaka 1991, hakitumiki peke yake. Hufungashwa pamoja na programu nyingine, na kila mfungashaji ana desturi zake. Furushi hilo ndilo liitwalo distribusheni.

Rafiki yake anaisifu Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza Oktoba 2004. Jina lake, la lugha za Kinguni, ni ndugu wa neno utu. Jina linamvutia kijana, ila mashine yake haliiwezi. Ubuntu 24.04 inapendekezewa kumbukumbu ya gigabaiti 4, na faili ya kuisakinisha inazidi gigabaiti 5. Mashine ya wateja ina gigabaiti 2 tu, na bando hununuliwa kwa pesa za unga. Anaichagua Linux Mint yenye eneokazi la Xfce, ambayo hukubali gigabaiti 2, ingawa 4 ndizo za starehe.

Seva ina haja nyingine. Hakuna anayeitazama sura; inatakiwa iamke salama umeme urudipo, na ipate masasisho ya usalama kwa miaka mingi. Hapa yapo mafunzo ya CentOS. Desemba 2020 ilitangazwa kuwa toleo la 8, lililotarajiwa kuhudumiwa hadi 2029, lingekoma mwishoni mwa 2021. Walioitegemea wakalazimika kuhama. Mukuru inajua maana ya kuhamishwa ghafla: mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2021, ubomoaji uliwaacha maelfu ya wakazi wake bila makao. Kijana anaamua kutumia Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993 na inayoendeshwa na jumuiya ya watu wanaojitolea. Toleo lake thabiti huhudumiwa kwa takribani miaka 5, na hakuna kampuni moja inayoweza kuamka asubuhi na kulifuta.

Limebaki suala la lugha. Mteja anayeandika barua ya kuomba kazi atakuta menyu zenye Kiswahili cha viraka, Kiingereza kikichungulia katikati. Si kwamba haikujaribiwa. Mwishoni mwa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Lakini programu hubadilika kila toleo, na tafsiri isiyotunzwa huachwa nyuma.

Kijana ameshafanya uchaguzi wake vyema, ila neno lililo kwenye kitufe si lake kulichagua. Kazi hiyo haimhitaji mhandisi pekee. Inamhitaji anayejua kwa nini mteja anayetoka katika barua yake asome 'funga' wala si 'ondoa', asije akaogopa kuwa ameipoteza. Mjuzi huyo yumo madarasani mwa Kiswahili.