Mali Bila Daftari

Mara nyingi tunasikia kwamba nchi fulani ni maskini kwa kuwa Mungu hakuijalia mali. Tutafakari juu ya nchi mbili zilizojaliwa almasi.

Huko Sierra Leone ziligunduliwa mwaka 1930. Mwaka 1935 serikali ya kikoloni iliipa kampuni moja haki ya kuzichimba kwa miaka 99. Baada ya uhuru, wakubwa walizifanya fungu lao na la marafiki zao. Na katika vita vya mwaka 1991 hadi 2002, zikanunua silaha.

Botswana ilipata uhuru mwaka 1966, ikiwa na takriban kilomita 12 tu za lami. Mwaka 1967 almasi zilipatikana Orapa, katika ardhi ya Wangwato, kabila la Rais Seretse Khama mwenyewe. Hakuwaachia watu wake peke yao. Kwa sheria ya mwaka huo huo, haki ya madini ilitoka kwa makabila ikawa ya taifa zima, na mapato yakajenga shule, zahanati na barabara.

Jiwe ni lile lile; kilichotofautiana ni sheria, na nani alimtolea nani hesabu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tudai daftari lisomwe hadharani, kuanzia kwenye ushirika wetu kijijini.