Unga Mweupe na Ganda la Korosho

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nilipokuwa nasomea shahada ya uzamili ya kemia Dar es Salaam, silika yenye vitundu ilikuwa kitu cha kuagiza. Malighafi yake, kimiminika kiitwacho tetraethoksisilani, ilitoka Ulaya. Kiolezo, yaani kile ambacho silika huganda kukizunguka na kikiondolewa huacha vitundu, nacho kilitoka huko huko. Cha kwetu kilikuwa maji, tena baada ya kuyakeneka. Leo nikiwasikia wanafunzi wakibishana ni korosho za wapi zenye ganda la mafuta mengi, nakubali kwamba tumetoka mbali.

Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Vichocheo vingi vya viwandani hutengenezwa kwa oksidi kama silika na alumina, au hubebwa nazo, na kazi yao hufanyika juu ya uso. Molekuli inatua, inabadilika, inaondoka, kichocheo kinabaki. Anayetaka kazi nyingi kwa kichocheo kidogo hutafuta uso mkubwa, na uso huo hupatikana kwenye kuta za vitundu vyenye upana wa nanomita chache. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Silika ya aina tuliyokuwa tukiitengeneza huwa na uso wa karibu mita za mraba 1,000 katika kila gramu. Gramu nne, ambazo hazijazi kikombe cha kahawa, zinakaribia ekari moja.

Vitundu vyenyewe si jambo geni. Msweden Axel Cronstedt alizieleza ziolite za asili mwaka 1756, na viwanda vya kusafisha mafuta vimetumia za kutengenezwa kwa miongo mingi. Tatizo lake ni wembamba: vitundu vyake havifiki nanomita mbili, kwa hiyo molekuli kubwa haziingii. Mwaka 1992 wanakemia wa kampuni ya Mobil, Marekani, wakatangaza silika waliyoipa jina la MCM-41. Walitumia kemikali ya jamii ya sabuni, ambayo ndani ya maji molekuli zake hujikusanya zenyewe katika vifungu virefu. Silika iliganda kuvizunguka vifungu hivyo, sabuni ikachomwa, ikabaki mirija iliyopangana kwa safu. Miaka mitatu baadaye Peter Tanev na Thomas Pinnavaia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan wakaonyesha kwamba amini isiyo na chaji huifanya kazi hiyo katika joto la kawaida la chumba. Hiyo ndiyo njia tuliyofundishwa sisi, kwa kuwa haikudai mitambo.

Unayeyusha amini iitwayo dodesilamini katika ethanoli na maji, unawasha kikorogeo cha sumaku, kisha unadondosha ile malighafi ya silika. Mwanzoni huoni kitu. Halafu maji yanaanza kupata ukungu, na muda si mrefu bika zima limekuwa jeupe kama tui la kwanza. Fundi wetu wa maabara, mzee aliyekaa kazini miaka mingi kuliko baadhi ya walimu, hakupenda kumwona mwanafunzi akikimbilia chujio hapo hapo.

"Shikamoo, Mzee. Imeshakuwa nyeupe, nichuje?"

"Marahaba, mwanangu. Weupe si kuiva. Iache ikorogeke mpaka kesho."

Na kweli, kuta za vitundu huendelea kujifunga kwa saa nyingi baada ya macho kuridhika.

Kesho yake tulichuja na kukausha, ndipo ikaja kazi ya kukiondoa kiolezo. Maelekezo yalitaka tanuri la nyuzi 550 au zaidi kwa saa kadhaa. Mwaka 2006, ukame ulipopunguza maji ya bwawa la Mtera na nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme, tanuri likawa bahati nasibu. Likizimika katikati, kiolezo kinaungua nusunusu na unga unatoka wa kijivu, masizi yamejaa kwenye vitundu. Tukahamia kwenye kuosha kwa ethanoli inayochemka, ambayo ni nyuzi 78 tu. Umeme ukikatika unasubiri urudi, unaendelea ulipoishia. Tena kilichooshwa hakipotei: ukiikeneka ile ethanoli, unaipata amini yako na kuitumia upya. Mgao uliisha, na sisi hatukurudi kwenye tanuri.

Unga ukishakuwa safi, tulipachika vikundi vya amini kwenye kuta za vitundu, kisha tukaujaribu kwa benzaldehaidi, kemikali yenye harufu ya lozi. Katika mazoezi ya shahada ya kwanza kichocheo chetu kilikuwa besi iliyoyeyushwa, na zao likipatikana tulilazimika kuliosha kwa maji mengi ambayo yote yaliishia kwenye karo. Sasa kichocheo kilibaki juu ya karatasi ya chujio na zao likapita chini. Tulikisuuza, tukakikausha, tukakirudisha kazini mpaka kilipoanza kuchoka.

Kilichotushinda ni kupima. Ili kujua ukubwa wa uso, unga hutolewa unyevu na hewa yote, ukapozwa kwa naitrojeni ya kimiminika ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha hupimwa ni gesi kiasi gani imejibandika kwenye kuta. Hesabu hufuata kanuni waliyoitoa Brunauer, Emmett na Teller mwaka 1938. Mashine ya kipimo hicho hatukuwa nayo. Vichupa vyetu vilisafiri nje kwa posta au ndani ya begi la mtu anayekwenda masomoni, na majibu yakachukua miezi. Ndiyo maana kizazi chetu kiliandika madaftari ya maabara kwa makini: namba zilipofika, kichwani hapakuwa na kumbukumbu ya bika gani lilikuwa lipi.

Mageuzi yalikuja kwa swali moja: kwa nini tuagize kiolezo? Kinachotakiwa ni molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu unaoyakimbia. Mkia wa dodesilamini una kaboni 12. Mafuta ya ganda la korosho yamejaa asidi anakadiki, ambayo ikipashwa moto hutoa hewa ukaa na kuwa kadanoli. Zote mbili zina kichwa cha fenoli na mkia wa kaboni 15. Aliyekulia Mtwara au Lindi anayajua mafuta haya kwa ngozi yake. Wanawake wanaobangua kwa mkono hupaka majivu viganjani yasiwababue, na bado vidole vyao hubaki na weusi usiotoka kwa sabuni.

Egid Mubofu na James Mdoe wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao waliwahi kuchapisha kazi za vichocheo pamoja na James Clark na Duncan Macquarrie wa York, Uingereza, waliyafanya mafuta hayo kiolezo cha silika. Mwaka 2011, wakiwa na Grace Kinunda, walichapisha matokeo ya kukifunga kimeng'enya cha inveteza, kile kinachovunja sukari, ndani ya silika ya vitundu vikubwa iliyopatikana kwa njia hiyo. Ukubwa huo una maana yake, kwani kimeng'enya ni molekuli nene isiyopenya vitundu vya dodesilamini.

Upande wa silika nao ukafuata. Maganda ya mpunga yakichomwa huacha majivu karibu moja ya tano ya uzito wake, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika. Yachemshe na kostiki soda, unapata siliketi ya kuanzia kazi. Sharti moto usizidi kiasi, silika isije ikageuka fuwele ngumu kuyeyuka. Kwenye mashine za kukoboa za Mbeya na Morogoro, maganda hayo ni vilima vinavyosubiri kiberiti.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania bado huuzwa ghafi kwenda India na Vietnam. Ganda linaondoka ndani ya gunia, na mafuta ndani ya ganda. Tukihesabu hasara ya kutobangua nyumbani, huwa tunahesabu kiini na ajira, basi. Wanaopanga viwanda vya kubangua kule Kusini waweke na tangi la mafuta ya ganda, wamwajiri na mwanakemia wa kuyashughulikia. Na vyuo vyetu vichangiane kununua na kuitunza mashine ya kupimia uso, ili mwanafunzi wa leo ayapate majibu yake wiki hiyo hiyo.