Kava la Simu: Toka Pambo Hadi Kinga

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, simu ya baba ilikaa kiunoni, ndani ya kipochi cheusi cha ngozi chenye dirisha la plastiki. Kilizuia vumbi na jasho, na zaidi kiliwatangazia watu kwamba mwenye mkanda ule ana simu. Kuanguka hakukumtia mtu hofu.

Sisi vijana tulikuwa na Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000. Gamba lake lilichomoka lote, mbele na nyuma, na Kariakoo meza zilijaa makava ya kila rangi. Shabiki wa Simba alitafuta jekundu, wa Yanga akachukua la njano. Tulibadilisha kava kwa urembo tu. Simu ikidondoka, mfuniko uliruka huku, betri kule. Unaokota, unapachika, unawasha, unaweka saa upya. Kusambaratika huko ndiko kulikoiokoa, maana nguvu ya kishindo iliishia kwenye kuachana kwa vipande. Kioo nacho kilikuwa kidogo, kimejificha chini ya plastiki.

Simu za tachi zikageuza mambo. Kioo kilitanda uso mzima, kisha kikahamia na mgongoni: iPhone 4 ya mwaka 2010 ilikuwa kioo pande zote mbili. Mwaka huohuo Apple iligawa makava bure, kwa sababu ukiishika simu ile vibaya antena ilipoteza mtandao. Baadaye kuchaji bila waya kukaongeza sababu ya kubaki na mgongo wa kioo, kwani bamba la chuma huzuia umeme huo usipite. Simu za gharama zikawa ndizo dhaifu zaidi zikikutana na sakafu.

Halafu pesa zikaingia ndani. M-Pesa ilipofika Tanzania mwaka 2008, hata kitochi kiligeuka pochi. Leo shangazi yangu, muuza vitenge, hununua kava kabla hata ya kuweka laini. "Mwanangu, hili ndilo duka langu," husema. Kioo kikipasuka, wateja hawampati, na kwa fundi mara nyingi haponi kwa kubadilishiwa kioo cha juu peke yake. Hulipia skrini nzima.

Kaka yangu hataki kusikia. "Nimelipia wembamba, halafu niuvishe gunia?" Ana hoja moja nzito: kava nene huzuia joto kutoka, na betri za lithiamu huchakaa haraka zikipata joto, sembuse katika jua la Dar.

Mimi niko upande wa shangazi, kwa masharti. Kava liwe na ukingo uliokizidi kioo kidogo, ili simu ikilala kifudifudi kioo kisiguse meza, na pembe ziwe nene, maana simu nyingi hutua kwa pembe. Likipata moto wakati wa kuchaji, livuliwe. Yale magumu membamba yenye maua na vimetameta ni mapambo tu.

Siku hizi simu nyingi za bei ya kawaida huja, ndani ya boksi, na kava laini la kuonyesha. Jua na joto huligeuza njano baada ya muda, lakini kwangu limeshamaliza ubishi: aliyeitengeneza simu mwenyewe haiamini ikiwa uchi.