Sanamu za Viungo Kisaju: Kutoka Vinyago hadi Plastiki ya Kuagizwa

Sanamu ya viungo ni umbo dogo la mtu, la mbao, plastiki au waya, ambalo mchoraji hulikunja apendavyo ili apate kielelezo cha mkao anaotaka kuuchora. Kazi yake ya kwanza ni kutulia. Mtu aliye hai huchoka baada ya dakika chache, hushusha mkono, hugeuza shingo kutazama gari linalopita; sanamu hubaki ilivyowekwa hadi kesho yake. Kazi ya pili ni kuonyesha ujazo: upande upi wa mguu unapata mwanga, bega lipi limefunika lenzake, kivuli kinaanguka wapi. Huko Ulaya chombo hiki ni cha kale. Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii wa Italia, ameandika kwamba Fra Bartolommeo, mchoraji wa Florence aliyefariki mwaka 1517, alikuwa na sanamu ya mbao yenye kimo cha mtu mzima na viungo vya kukunjika, akiivika nguo ili achore mikunjo ya kitambaa bila haraka. Baadaye sanamu hiyo ilikuwa mali ya Vasari mwenyewe, ingawa wadudu walikuwa wameshaitoboa.

Kisaju iko kwenye barabara ya Namanga, baada ya Kitengela kwa anayeelekea Isinya na mji wa Kajiado. Chombo hicho kilichelewa sana kufika huko. Katika miaka ya 1990 eneo lilikuwa malisho zaidi kuliko makazi. Ranchi ya kikundi ya Kitengela ilikuwa imeanza kugawanywa kuwa ardhi ya watu binafsi, lakini seng'enge zilikuwa bado chache, na msimu wa mvua nyumbu na punda milia walitoka Mbuga ya Wanyama ya Nairobi wakishuka nyanda za kusini. Mtoto aliyependa kuchora hakukosa cha kutazama. Alichokosa ni kitu kinachotulia.

Mkao unaojulikana zaidi Kajiado unatosha kuonyesha shida hiyo: mchungaji amesimama kwa mguu mmoja, wayo wa mguu wa pili ameuegemeza kwenye goti, na fimbo imebeba sehemu ya uzito. Mkao huo una mengi ya kufundisha. Nyonga ya upande wa mguu uliosimama hupanda, uti wa mgongo hujipinda ili kusawazisha, na goti lililokunjwa hutokeza kando wala halielekei mbele. Lakini mbuzi mmoja akiingia shamba la jirani, kielelezo kimekwenda. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alimaliza utoto akiwa na madaftari yaliyojaa wachungaji wasio na miguu, kwa sababu kichwa na shuka ndivyo vilivyowahi kuchorwa. Ndugu wadogo walitumika pia, kwa ujira wa andazi, nao walitulia kwa muda wa kulila tu.

Vinyago vilikuwepo, tena tele. Barabara ya Namanga ndiyo njia ya watalii wanaokwenda Amboseli, na kandokando yake kuna maduka ya vinyago ambamo morani wa mbao, mwembamba na mwenye mkuki, hakosekani. Uchongaji huo wa biashara umeshikwa zaidi na Wakamba, na chanzo chake hunasibishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa Wamakonde alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni kazi ya ustadi, ila kama kielelezo cha mwili inapotosha. Morani wa dukani ana miguu mirefu kuliko ya binadamu yeyote, kwa kuwa wateja humpenda hivyo. Aliyejifunzia uwiano hapo alikawia miaka kuacha kuchora watu kama nguzo za umeme.

Chanzo kingine kilikuwa karatasi. Juha Kalulu, katuni ya Edward Gitau katika gazeti la Taifa Leo, ilinakiliwa na watoto wengi waliopata gazeti baada ya sukari kufungiwa ndani yake, na kuanzia 2010 vijitabu vya Shujaaz vikachukua nafasi hiyo kwa vijana. Kunakili hufunza mstari, lakini hakufunzi kugeuza mwili: mhusika aliyechorwa kwa ubavu hawezi kuombwa aonyeshe mgongo.

Mwili wa kwanza wa kukunjika uliingia kwa njia ya mitumba. Viwanda vya mji jirani wa Athi River, hasa baada ya eneo la uzalishaji wa bidhaa za kuuzwa nje kuanzishwa katika miaka ya 1990, viliijaza Kitengela wapangaji. Sensa ya 2019 ilikuta mji huo una zaidi ya watu 150,000. Soko lilikua pamoja nao, na kando ya marobota ya nguo kukawa na mafungu ya vitu vya kuchezea vilivyokwisha chezewa ng'ambo. Wanasesere wa kike wa aina ya Barbie walikuwa wengi, lakini hawakufaa sana: mikono iliyonyooka, magoti yanayokunjika kidogo tu, na miguu iliyochongwa kwa ajili ya viatu virefu. Waliofaa ni wanajeshi na wapiganaji wa mieleka, wenye viwiko, magoti na viuno vya kuzunguka. Mnunuzi alipaswa kuchakura fungu, maana mmoja hana mkono, mwingine kichwa kimetafunwa na mbwa. Kasoro yao kubwa ni misuli. Mwanamieleka wa plastiki ana mabega ya watu wawili, na huenda hiyo ndiyo sababu wanaume wengi waliochorwa kwenye mabango ya vinyozi wa enzi hiyo wanaonekana kama wamekuja kubomoa duka badala ya kunyolewa.

Manikini ya mbao, ile isiyo na uso, ilikuwa ikionekana katika maduka makubwa ya vitabu jijini Nairobi, mahali ambapo mwanafunzi wa Kisaju hakufika mara kwa mara. Mabadiliko yaliletwa na simu. M-Pesa, huduma ya kulipa kwa simu, ilianza mwaka 2007. Duka la mtandaoni la Jumia likafungua shughuli zake Kenya mwaka 2013, na lile la Kilimall mwaka 2014. Tangu hapo sanamu iliweza kulipiwa kutoka Kisaju na kuchukuliwa mjini Kitengela, bila safari ya Nairobi.

Wengi waliagiza manikini kwanza, kwa kuwa ndiyo picha inayomjia mtu akilini anaposikia habari za kielelezo cha mchoraji. Ikikaguliwa kwa karibu, huwa na urefu wa sentimita 20 au 30. Kiwiliwili ni vipande vitatu, yaani kifua, tumbo na nyonga, vilivyovutwa pamoja kwa springi iliyo ndani, na kuna kijiti cha chuma kinachoishikilia juu ya kitako. Springi hiyo ndiyo nguvu yake na ndiyo ugonjwa wake. Ikiwa ngumu, mkono uliokunjwa hurudi polepole wenyewe. Ikilegea, sanamu huinama kama imepewa habari mbaya. Viganja havina vidole vinavyotengana. Nyonga haizunguki vya kutosha kutokeza goti kando, kwa hiyo mkao wa mchungaji wa mguu mmoja, ambao mchoraji wa Kajiado huutaka kabla ya mingine yote, hauwezekani. Manikini inafaa kwa mambo mawili: kuona mwelekeo wa kifua dhidi ya mwelekeo wa nyonga, na kupamba meza. Kwa bei yake ni machache.

Kilichobadilisha hali zaidi ni plastiki iliyotoka Japani. Katikati ya miaka ya 2010 kampuni ya Bandai ilikuwa ikiuza sanamu za Body-kun, mwanamume wa sentimita 15 hivi, na Body-chan, mwanamke mfupi kidogo, zilizotengenezwa mahsusi kwa wachoraji. Max Factory nayo ilikuwa na figma archetype. Za Bandai zina viungo viwili kwenye kiwiko na goti, mabega yanayosogea mbele na nyuma, na viganja vya kubadilisha: ngumi, kiganja wazi, kidole kinachoonyesha, mkono wa kushika kalamu. Sanamu halisi ni ghali kwa mwanafunzi. Nakala zake zisizo na jina, ambazo huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, ndizo zilizofika Kisaju.

Nakala hizo zina tabia zake. Kiungo kipya huweza kuwa kimeganda, na anayekilazimisha hukata kipini cha kifundo cha mkono siku ileile. Dawa ni kukichovya kwenye maji ya moto kwa muda mfupi, plastiki ilainike, ndipo kizungushwe taratibu. Kiungo kinacholegea hupakwa rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye gololi yake, kikaachwa kikauke kabisa kabla ya kurudishwa mahali pake. Unene huo mdogo hurudisha mkazo. Hata kwa kasoro hizo, nakala husimama kwa mguu mmoja ikiegemezwa kwenye njiti ya mshikaki, goti likiwa nje. Kwa mara ya kwanza mchungaji alitulia.

Shuka ni suala tofauti. Kipande cha shuka halisi kikivikwa sanamu ya sentimita 15 husimama kama ubao, kwa sababu unene wa kitambaa haukupungua pamoja na mwili. Kitambaa chepesi cha pamba, kama cha leso ya mfukoni iliyochakaa, kikilowekwa kwenye uji mwepesi wa wanga na kupangwa kikiwa kibichi, hukauka na mikunjo inayokaribiana na ile ya shuka kubwa.

Programu za simu zenye miili ya kugeuzwa kwa kidole nazo zimeenea. Zinasaidia kuona mtu kutoka juu au chini ya miguu yake, na nyingi zina sehemu ya bure. Lakini mwanga wake ni wa kubuni, na kioo cha simu humfanya mchoraji anakili tena picha bapa.

Sanamu ya bei nafuu kuliko zote inapatikana Kisaju kwenyewe. Ujenzi umeenea kando ya barabara, na kila duka la vifaa vya ujenzi huuza waya laini ya kufungia nondo. Watoto waliozoea kutengeneza magari ya waya wanajua kuikunja bila kufunzwa. Nyuzi mbili au tatu husokotwa pamoja kwa koleo ili zisinyong'onyee. Kwa mwili wa sentimita 30, kichwa hupewa sentimita 4, nyonga huanzia katikati, yaani sentimita 15, goti huwekwa karibu sentimita 8 kutoka chini, na ncha za vidole hufika katikati ya paja. Kifua na nyonga hujazwa kwa gazeti lililozungushiwa gundi ya karatasi. Haina uso wala vidole, na hukatika ikikunjwa mara nyingi pahali pamoja, lakini anayeitengeneza huwa amepima mwili wa binadamu kwa rula kabla hajauchora.

Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 katika mtaala mpya wa Kenya walianza shule za upili za juu Januari 2026, wakiwa na mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo miongoni mwa mitatu ya kuchagua. Shule itakayotaka kufundisha uchoraji wa mwili kwa fedha kidogo iache manikini za mbao. Inunue furushi moja la waya kwa darasa zima, na nakala mbili za plastiki, ya kiume na ya kike, kwa meza ya mwalimu. Mnunuzi binafsi, kabla ya kulipa, atazame picha za bidhaa kwa jambo moja: kama nyonga inazunguka kando. Isipozunguka, pesa hizo zinatosha karatasi na penseli za muhula mzima.