Kaka, Ini Umelipima?

Msomaji, mimi naishi na VVU hapa London na dawa nameza. Virusi havionekani kwenye kipimo, kwa hiyo simwambukizi mtu. Hiyo ni kweli tupu. Lakini mshikaji wangu mmoja, tunayeitana "kaka" tangu Dar, alivyoisikia akaistaafisha kondomu kabisa!

Bwana wee, kuna homa ya ini aina ya C. Zamani tuliijua kwa wanaojidunga sindano na waliotiwa damu isiyopimwa. Kuanzia miaka ya 2000, madaktari wa London, Amsterdam na Paris wakawa wanaikuta kwa wanaume wanaolala na wanaume, hasa wenye VVU, wengine hata sindano hawajidungi. Inapita kwenye damu, hata ile kidogo isiyoonekana: ngono ya nyuma bila kinga, vifaa vya faragha vya kupokezana, zile pati za watu wengi na unga. Vidonge vya VVU haviizuii. Chanjo ya A na B ipo, ya C hakuna.

Kaka alikuwa mzima kama chuma, macho meupe pee. Kipimo cha ini cha kawaida pale kliniki ndicho kilichomuumbua. Akanipigia usiku: "Kaka, nimekwisha." Nikamwambia atulie, siku hizi si enzi za sindano za interferoni, karibu mwaka mzima mtu yuko hoi. Sasa ni vidonge, wiki 8 au 12, na watu zaidi ya 95 katika 100 wanapona. Akameza, akapona.

Mwaka haukuisha, ikamrudia. Maana kuugua C mara moja hakukupi kinga, unaweza kuipata tena na tena. Safari hii akagoma kliniki. "Yule nesi atanionaje?" Mtu aliyeweza kumwambia mama yake mzazi kuwa ana VVU, eti anamwonea haya nesi! Nilimburuta mwenyewe. Nesi wala hakushtuka, akatoa damu ya kupima virusi vyenyewe, kwa sababu kile kipimo cha kingamwili hubaki kinaonyesha C hata kwa aliyepona.

Kazi ilikuwa kuwaambia wenzake watatu wakapime. Tukaziandika zile meseji pamoja sebuleni kwangu. Wawili walijibu asante. Wa tatu akamtukana, akamblok, halafu wiki iliyofuata tukamkuta foleni ya kliniki, kofia imefunika macho.