Sina cheti cha chuo, lakini nina hiki cha siku 90

Wasee, leo sina vichekesho. Nataka tuongee kuhusu cheti.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikarudi kwa Mama hapa Huruma, Eldoret. Ploti nzima inajua, na kila mtu ana maoni yake.

Mama ni mwenyekiti wa chama. Kina mama 18, wengi wauza mboga na mitumba, wanakutana kwetu Jumapili. Michango walikuwa wanaandika kwa kitabu, mpaka siku kitabu kikanyeshewa na nusu ya hesabu ikafutika. Nikatoa laptopu yangu ya mtumba chini ya kitanda, nikaweka Linux, nikaandika programu ndogo. Wakija mkutano, kila mmoja anaingia na PIN kwa simu yake, anaona michango na mikopo yake. Hakuna kulipia seva ya watu kila mwezi.

Simu zikaandika "Si salama."

Mweka hazina akaniangalia. "Kijana wangu, hii kitu inasema si salama, na wewe unasema tuingie?"

Na simu haikudanganya. Waifai yetu tunachangia na majirani. Bila HTTPS, PIN inasafiri wazi kama barua isiyo na bahasha. Mwenye ujuzi kidogo kwa waifai hiyo hiyo anaweza kuisoma.

Jamaa mmoja wa kutengeneza tovuti akaniambia cheti ni elfu nane kwa mwaka. Vya kulipia vipo, kweli. Lakini hakuniambia kwamba Let's Encrypt, inayoendeshwa na shirika la Marekani lisilotafuta faida, ilifungulia watu wote Desemba 2015, na ni bure.

Kawaida wanakuja kubisha kwa seva yako, mlango nambari 80, kuhakikisha domeni ni yako. Kwangu hawafiki, kwa sababu kampuni ya intaneti imetuweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Nikatumia njia ya DNS: wanakupa neno, unaliweka kwa rekodi ya TXT ya domeni yako, wanalisoma, wanakupa cheti. Halafu nikaelekeza domeni kwa anwani ya laptopu hapo ndani ya nyumba. Nililipia domeni pekee.

Nikajiona fundi. Kwa siku 90.

Lile neno nililiweka kwa mkono, kwa hivyo cheti hakingejifanya upya chenyewe. Let's Encrypt nao waliacha kutuma barua pepe za kukumbusha Juni 2025. Kikaisha kimya kimya, na kina mama wakafungua simu Jumapili ya kugawana pesa. Onyo kila simu. Mmoja akasema, "Chuo aliacha, sasa na hii ameacha." Mama akaangalia chini.

Hiyo iliniuma kuliko siku niliyorudi na begi.

Maoni yangu ni haya. Hicho cheti hakisemi mimi ni mtu mzuri. Kinasema tu simu inaongea na mashine yenyewe, na hakuna anayesikiliza katikati. Pesa ikiibwa na mtu wa ndani, HTTPS haitasaidia, ndiyo maana bado nawachapishia hesabu kwa karatasi. Lakini cheti cha chuo ukishatundika ukutani, hakuna anayekuuliza tena. Hiki kinakuuliza kila mara: bado ni wewe? Na muda unapunguzwa. Wamesema kufikia 2028 vitakuwa vya siku 45.

Kwa hivyo usitegemee kichwa chako. Mimi nimeipa certbot ufunguo wa kubadilisha rekodi za domeni hiyo pekee, na inaangalia cheti mara mbili kwa siku. Nilijaribu kwanza na `certbot renew --dry-run`. Pia nimeandika tarehe kwa kalenda ya Mama, ile ya jikoni, ndiyo aniulize.

Kama una seva kwa nyumba yako, enda uangalie cheti chako kinaisha lini. Leo, si Jumapili.